Wimbo Wenye Soli: Mwongozo kwa Mtu Aliyekabidhiwa Muziki Kibaigwa

Kwanza, kataa.

Mkishamaliza kuhesabu ahadi za mchele, mkabishana mbuzi wawe wangapi, halafu mwenyekiti wa kamati ya harusi akageuka taratibu, akakutazama kwa jicho la upendo na kusema, "Wewe ni mtu wa muziki, tutafutie wimbo mmoja wa zamani, wenye roho, wazee waingie nao ukumbini," sema unaumwa. Sema una safari ya Kiteto kufuata mahindi. Sema mama mkwe amelazwa. Mimi nilisema, "Hilo dogo, mwenyekiti," na ndiyo maana leo wewe una mwongozo.

Neno lenyewe lilianza na kaka wa bwana harusi, kijana anayesoma chuo Dodoma. Yeye ndiye aliyesimama akasema anataka wimbo wa wazee "wenye soul". Katibu wetu ni fundi viatu. Akaandika kama alivyosikia na aliposoma muhtasari mwisho wa kikao akasoma: "Wimbo uwe na soli." Kijana akanyoosha mkono kusahihisha. Akachelewa. Mzee mmoja aliyekaa karibu na mlango, dalali wa mahindi tangu magunia yakiwa ya katani, alikuwa ameshaunga mkono. "Hapo mmenena," akasema. "Wimbo usio na soli haufiki mbali." Muhtasari ukapita.

Nami nimebaki na neno la katibu, kwa sababu lina faida. Wamarekani weusi waliuita muziki wao roho wakiwa na haki ya kufanya hivyo: umetoka kanisani. Sam Cooke alikuwa mtoto wa mchungaji, Aretha Franklin mtoto wa mchungaji, na walipoanza kuimba habari za mapenzi walihama na sauti zile zile za Jumapili. Lakini Kibaigwa roho ni kazi ya mchungaji na shehe, na ukijifanya unaijua utaulizwa umesomea wapi. Soli kila mtu anayo. Inakanyaga vumbi, inalika upande mmoja kufuatana na mwendo wa mwenye kiatu, na ikitoboka unajua mara moja.

Sasa tuanze.

Usimwulize mtu ni wimbo gani bora. Mwulize alioa mwaka gani, kisha rudisha nyuma miaka mitatu au minne. Hapo ndipo wimbo wake bora ulipo. Hesabu hii imeniangusha kwa mtu mmoja tu, ambaye ameoa mara nne na ana wimbo bora kwa kila ndoa, na wa tatu hataki upigwe mbele yake.

Halafu chagua mahali pa kuulizia. Kwa msomaji anayeijua Kibaigwa kwa dirisha la basi tu, akinunua karanga mkono mmoja huku konda anapiga kelele: hapa ni wilaya ya Kongwa, kwenye barabara kuu ya Morogoro kwenda Dodoma, na mji unaishi kwa soko lake la kimataifa la mahindi. Malori yanaingia matupu na kutoka yakiwa yameinama. Kila dereva anayelala hapa ana muziki wake, kila mnunuzi ana kwao, na jioni wote wanakutana kwenye meza za plastiki chini ya mwarobaini, mahali ambapo bia ni za baridi kama umeme upo. Hapo ndipo nilipoita mkutano wa wataalamu. Kosa.

Maana ndani ya nusu saa meza ilikuwa imegawanyika vyama.

Chama cha Morogoro ndicho kikubwa. Kwenye ramani tuko Dodoma, lakini Gairo ni jirani na watu wengi hapa wamekwenda Morogoro kabla hawajafika Dodoma mjini. Chama hiki kinaamini kwamba muziki uliumbwa Morogoro na sehemu nyingine za nchi zikaazimwa. Hoja zao si dhaifu: Salum Abdallah na Cuban Marimba upande mmoja, Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz upande wa pili, mji mmoja. Mbaraka alikwenda na bendi hiyo hadi Osaka, Japani, kwenye maonesho makubwa ya mwaka 1970, na mwaka 1973 akatoka akaunda Super Volcano. Sasa uliza ni nani kati ya hao wawili aliyekuwa na soli zaidi na uondoke ukalale, utawakuta hapo hapo asubuhi. Madereva walio mezani huwa hawachangii sana. Salum Abdallah alikufa kwa ajali ya gari mwaka 1965, Mbaraka akafa kwa ajali ya gari Mombasa Januari 1979, na mtu anayekabidhi maisha yake kwa barabara kila siku hana hamu ya kuwashindanisha.

Chama cha Dar kina watu wachache, wenye sauti kubwa, na kimepasuka vipande viwili kabla hakijasajiliwa. Kuna Msondo, ukoo wa NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi iliyoanza mwaka 1964, ikawa Juwata, ikawa OTTU, ikibadilisha jina kila chama kinapobadilisha lake. Kuna na Sikinde, yaani Mlimani Park, iliyoundwa mwaka 1978. Mtu wa Msondo hawezi kusifu Sikinde hata akiwa ndotoni. Ukitaka kuwanyamazisha wote, wakumbushe kwa upole kwamba Muhidin Maalim Gurumo alikuwa NUTA, akahamia Mlimani Park ilipoanzishwa, akaenda Safari Sound, kisha akarudi Msondo. Mwimbaji mwenyewe alivuka mto mara tatu na hakuzama; ninyi mashabiki mmekaa ng'ambo mnarushiana mawe. Watanyamaza dakika moja. Tumia dakika hiyo kuagiza.

Chama cha Kongo ni cha madereva wa masafa. Wao ni Maquis, bendi iliyotoka Lubumbashi ikahamia Dar es Salaam miaka ya sabini, ni Nguza Viking, ni Ndala Kasheba na gitaa lake la nyuzi kumi na mbili, ni Remmy Ongala. Walikuwa wanaelekea kushinda mpaka mmoja wao alipoutaja mtindo wa Maquis kwa jina lake kamili, Kamanyola bila jasho. Meza ya pili walikuwa wamekaa makuli wanne waliotoka kupakia semi mbili mchana. Mmoja akageuka. "Bila jasho?" akauliza. "Hapa?" Hoja ikafia hapo.

Mimi nilikuwa chama cha wenyeji, nikiwa peke yangu. Nilileta jina la Patrick Balisidya, mtoto wa Mvumi, Mgogo wetu, kiongozi wa Afro 70, bendi iliyokwenda Lagos mwaka 1977 kuiwakilisha Tanzania kwenye tamasha la FESTAC. Nikautaja wimbo wa Dirishani. Wakaniambia ni wimbo mzuri, kisha wakaniuliza, kwa kuwa nimejileta, kwa nini ukumbi tuliokodi hauna madirisha. Kweli hauna. Lilikuwa ghala la alizeti.

Ushauri: usiite mkutano wa wataalamu.

Badala yake chukua bambo. Ndiyo, kile kichuma chenye ncha na mfereji ambacho mnunuzi anakichoma kwenye gunia kutoa punje za kuonja. Mnunuzi mgeni anachoma juu, karibu na mdomo wa gunia, na anapata mahindi meupe, makavu, yanayocheka. Mwenyeji anajua kwamba hayo ya juu yamewekwa na mwenye gunia kwa ajili ya mgeni. Mwenyeji anachoma ubavuni, chini kidogo ya katikati, anakizungusha, anakitoa, anachukua punje moja na kuiuma. Ikilia *ka!* imekauka. Ikiacha alama ya jino, ina maji, na atakayeinunua atauziwa uvundo mwezi ujao. Yote hayo yanachukua muda wa mtu kusema bei.

Ndivyo wimbo unavyoonjwa. Sekunde za mwanzo ni mahindi ya juu. Kila bendi ilikuwa na mpiga solo anayejua kufungua mlango. Choma katikati, pale masimulizi yanapoisha, waimbaji wanapokaa pembeni na magitaa yanapoanza kuulizana maswali, yaani kwenye chemko. Hapo usimsikilize mpiga solo, maana huyo analipwa ili umsikilize. Sikiliza gitaa la pili, lile linalorudia maneno yale yale manne bila kuchoka kama mama anayemwita mtoto aje kuoga. Likikushika mguu kabla halijakushika sikio, uma punje.

Kuna tatizo moja la kihistoria, na linawahusu wengi wanaojiita wajuzi. Santuri ndogo za enzi hizo hazikuwa na nafasi. Wimbo wa dansi ulikatwa vipande viwili, sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili upande ule, na chemko mara nyingi likaangukia nyuma. Kwa hiyo wapo wazee wenye heshima zao ambao nyumba zao zilikuwa na mtu mvivu wa kugeuza santuri, na kwa miaka hamsini wamekuwa wakisifu nusu wimbo. Mmoja nilimpigia sehemu ya pili ya wimbo aliokuwa akiuita wake. Akasikiliza hadi mwisho, akasema si mbaya, bendi gani hiyo?

Jihadhari pia na lumbesa. Gunia kwa sheria lisizidi kilo mia. Linaloongezewa kilemba mpaka lifungwe kwa kamba za msalaba ni wizi, ingawa linapendeza kwa macho. Vijana wa studio siku hizi wanachukua wimbo wa Marijani Rajab, wanaongeza ngoma za kompyuta, kinanda na mtu wa kupiga kelele katikati kutaja jina lake mwenyewe. Hicho ni kilemba. Marijani aliitwa Jabali la Muziki. Jabali halishonewi.

Sasa usafi wa sauti. Utashawishika kutafuta nakala safi. Acha.

Bendi zetu nyingi zilirekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam, bendi nzima kwa mkupuo mmoja, na mpiga tumba akikosea basi amekosea milele. Kiwanda cha kuchapa santuri nchini hatukuwa nacho, zilichapwa Kenya. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 na mpaka ukafungwa hadi 1983, nyimbo nyingi zikabaki kwenye kanda za redio tu, na njia ya kuzipata ilikuwa moja: kukaa mbele ya redio na kinasa sauti, kidole juu ya kitufe, ukiombea mtangazaji asiongee. Aliongea. Na nyumbani kwako kulikuwa na watoto, na kuku.

Hili nilijifunza kwa gharama. Kulikuwa na wimbo mmoja wa Sikinde ambao nusu ya kamati ilikuwa inaukubali, ajabu ya kwanza. Nikapata nakala safi sana kwenye intaneti, besi inasikika kama mtu anatembea sebuleni. Nikawapigia. Nyuso zikabadilika. "Huu si wenyewe," akasema yule mzee dalali. Nikamwambia ni wenyewe kabisa, mzee, bendi ile ile, siku ile ile. "Wenyewe una jogoo," akasema. Wenzake wakaafiki. Ikabidi niende kwenye kibanda cha kurusha nyimbo, nikatafuta flashi moja baada ya nyingine, mpaka nikaipata nakala iliyotokana na kanda ya mtu mmoja wa hapa hapa mjini, ambayo wote wamenakiliana tangu miaka ya themanini. Katika ubeti wa pili, baada ya waimbaji kuvuta pumzi, jogoo anawika. Anawika katika ufunguo ule ule, sikatai. Kwa watu wa Kibaigwa jogoo huyo ni mwanachama wa bendi, na sijui kama Mlimani Park waliwahi kumlipa.

Ukishapita hapo unafika kwenye maneno, na hapa usifanye mzaha maana kuna wakwe. Wimbo unaweza kuwa na soli ya tairi la trekta na bado usifae harusini. Kijana wa chuo alipendekeza Kifo wa Remmy Ongala, kwa sababu ya magitaa. Nikamwomba arudie jina la wimbo polepole. Akarudia, akakaa. Chama cha Morogoro kikaleta Shida. Mwenyekiti akasema shida wataikuta wenyewe huko mbele, hakuna haja ya kuwaimbia mlangoni. Wakaleta Masimango, na shangazi wa bibi harusi, ambaye hajachangia kitu mpaka leo, akauliza anasemwa nani. Nyimbo zetu za zamani zina tabia hiyo: melodi inachekesha, maneno yanazika. Morogoro Jazz walimwimbia Dokta Kleruu, mkuu wa mkoa wa Iringa aliyeuawa siku ya Krismasi mwaka 1971, na watu waliucheza. Wazazi wetu waliweza kucheza na kuomboleza kwa mguu mmoja. Ukumbi wa harusi wa leo, wenye mshereheshaji, hauruhusu.

Na sasa naomba usogee karibu, maana kuna jambo haliwezi kusemwa kwa sauti mbele ya meza nzima.

Kila kamati ina mzee atakayesimama kusema kwamba nyimbo za siku hizi zinawaharibu watoto, lakini muziki wa wakati wao ulikuwa na heshima, ulifundisha, ulijenga taifa. Usibishane naye. Mnunulie soda. Kisha umwulize, kwa shikamoo iliyonyooka, mwaka 1969 alikuwa wapi.

Kwa sababu mwaka huo ulianza, Januari mosi, na Operesheni Vijana. Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza vita na sketi fupi, mawigi, madawa ya kujichubua na suruali za kubana, na vijana wake wenye sare za kijani wakazunguka Dar es Salaam kutafuta magoti ya watu. Mwaka ukaisha na jambo kubwa zaidi kwa mwongozo huu: Mkuu wa Mkoa wa Pwani, Mustafa Songambele, akaupiga marufuku muziki wa soul jijini. Ndio huo huo, wenye soli. James Brown, Otis Redding ambaye alikuwa ameshakufa kwa ajali ya ndege miaka miwili nyuma na hivyo hakuweza kujitetea, Wilson Pickett, wote wakaambiwa wanawaharibu vijana wa Tanzania. Kitu ambacho leo kamati inakiita cha wazee, cha heshima, kinachofaa kuingizia wazazi ukumbini, mkuu wa mkoa alikifukuza mjini.

Yule mzee dalali alinyamaza muda mrefu nilipomwuliza. Akachora duara kwenye jasho la chupa yake. Kisha akacheka kicheko ambacho sikujua anacho. Alikuwa Dar, akasema, anakaa kwa mjomba wake Ilala, ana miaka kumi na tisa na suruali moja. Walimsimamisha njiani wakachukua chupa tupu ya soda, wakataka kuipitisha kwenye mguu wa suruali, kutoka kiunoni itokee chini. Ikipita uende zako, ikikwama suruali inapasuliwa.

"Ikawaje, mzee?"

"Haikupita hata gotini," akasema, na kifua kikamtoka kama cha mtu anayesimulia kwamba aliwahi kuonana na Mwalimu.

Alirudi kwa mjomba amejifunga shuka. Wiki hiyo hiyo akamwomba fundi amshonee nyingine, ile ile. Nikamwuliza basi mbona anawasema watoto wa singeli. Akanitazama kama nimetema mate mezani. "Hao," akasema, "hawana adabu."

Marufuku yenyewe haikuua kitu, kama unavyoweza kudhani. Mwaka 1970, kabla vumbi halijatua, vijana wa Dar es Salaam wakaanzisha Sunburst, bendi iliyoichukua soul, ikaivisha ngoma za hapa, ikaiimbia Kiswahili kando ya Kiingereza, na mwaka 1976 wakatoa albamu yao, Ave Africa, waliyoirekodi Zambia. Mwaka 2016 lebo ya Strut ilizikusanya nyimbo zao na kuzitoa upya, Wazungu wakashangaa. Nilidhani nimepata jibu. Soul halisi, ya Dar es Salaam halisi, imetimiza muhtasari kwa herufi na kwa matamshi. Nikawapigia kamati. Kijana wa chuo akasimama kucheza. Wazee wakasikiliza kwa heshima, kama wanavyomsikiliza mwanasiasa wa chama kingine, na mwisho mmoja akaniambia, "Nzuri. Lakini haina jogoo."

Nilikaribia kukata tamaa, ndipo bibi yake bwana harusi akaniita. Nikamsalimu, Mbukwenyi, akaitikia bila kuacha kuchambua mlenda. Alikuwa amesikia kelele za wiki mbili. Akaniuliza kama ni kweli watu wazima wanatafuta roho ya muziki ndani ya kinanda cha mtu wa Dar. Nikasema ni gitaa, bibi. Akasema ni hayo hayo. Wagogo, kwa taarifa yangu, wamekuwa wakiimba sauti nyingi zinazopishana tangu kabla reli haijafika, wanawake wanapiga muheme ngoma zikiwa zimebanwa mapajani, na Hukwe Zawose alichukua ilimba na zeze kutoka Ugogo huu huu akazunguka nazo dunia, watu wakalipa viingilio Ulaya kusikia kitu ambacho yeye bibi amekipata bure kila mavuno. Sikuwa na jibu. Nilimwambia tutalifikisha kwenye kamati. Alinitazama kwa huruma, maana mtu aliyeishi miaka yake anajua mambo yanayofikishwa kwenye kamati huenda wapi.

(Lilifikishwa. Liko kwenye mengineyo.)

Ijumaa usiku, harusi Jumamosi, nilikuwa sina wimbo. Nikatoka kutafuta chipsi, nikazipata. Karibu na soko kulikuwa na Fuso moja lenye turubai la bluu linamalizia kupakia, mlango wa dereva wazi, muziki unatoka. Nilisimama kwanza kwa sababu ya makuli. Walikuwa wanapanda ubao na magunia mgongoni, na wote watano walikuwa wanakanyaga kwa pamoja, bila mtu kuwahesabia. Mguu, mguu, gunia, pumzi. Kisha nikasikia gitaa la pili. Maneno manne, yanarudi, yanarudi. Tumba chini yake, kavu. Midomo ya bata ikaingia mara moja tu, ikasema neno moja ikanyamaza, kama baba anayepita sebuleni. Sauti ya mwimbaji ilikuwa na mikwaruzo ya kanda, na kwa mbali, nakuapia, kikohozi cha mtu. Sikuwa na haja ya bambo. Punje ilijivunja yenyewe mdomoni.

"Kaka," nikamwita dereva, "huu wimbo gani?"

Akainama kutazama kioo cha redio yake. "Namba kumi na nne."

"Wa nani?"

"Flashi nimeazima."

Nikamwomba twende kibandani turushe. Kibanda kimefungwa, mwenyewe amekwenda kujiandaa na harusi. Nikamwomba aniuzie flashi. Akasema si yake. Nikatoa simu nirekodi, simu ikaniambia nafasi imejaa, maana ilikuwa imebeba nyimbo mia mbili za kamati. Nilipokuwa nafuta Shida na Kifo, gunia la mwisho likatua, dereva akafunga mlango, Fuso likaingia barabarani kuelekea Dodoma, na chemko ndiyo kwanza linaanza. Nikakimbia. Mtu mzima, na sahani ya chipsi mkononi, nikakimbia nyuma ya lori kwenye lami mpaka karibu na mizani ya mwisho ya soko, na hapo kiatu cha kulia kikafungua mdomo, soli ikabanduka yote ikabaki barabarani.

Kuhusu wazee kuingia ukumbini, najua utauliza. Kadi ilisema saa kumi na mbili jioni. Wazee walifika saa tisa, ili wapate viti vya karibu na chakula. Fundi muziki alikuwa bado juu ya ngazi anafunga nyaya. Waliingia kwa mlio wa drili.

Ukikutana na Fuso hilo, turubai la bluu, limeshonwa kiraka upande wa kushoto, mwombe dereva namba kumi na nne, na usimruhusu aruke sehemu ya pili. Mimi niliiokota soli, nikaenda pekupeku mguu mmoja hadi kwa katibu asubuhi. Aliigeuza ile soli, akaipiga vumbi, akaigonga kwa kucha, akasema bado nzima. Kisha akanitoza bei kamili, pamoja na mchango wangu wa harusi ambao nilikuwa sijamalizia.